Mitungi Kumi na Miwili

Pampu ya mwanangu Josphat ilinyamaza Alhamisi moja ya mwezi wa kumi, saa nne hivi asubuhi, nikiwa nachambua maharagwe mlangoni. Sikusikia ikinyamaza. Nilisikia kuku. Nikajiuliza tangu lini kuku wangu wana kelele hivi, ndipo nikajua kile kilichokuwa kinawafunika sauti kimeondoka.

Hiyo pampu haitumii stima wala petroli. Ni chuma tu, ukubwa wake kama mtoto wa miezi sita, na Josphat aliipandisha kutoka kwa fundi wa kuchomea huko Voi mpaka hapa Mghange juu ya pikipiki, ameikumbatia. Aliiweka korongoni, chini ya mfereji wetu. Paipu nene inatoa maji mferejini na kuyateremsha kwenye pampu. Paipu nyembamba inayapandisha kutoka pale mpaka kwenye tangi nyuma ya nyumba yangu, huku juu. Na kwenye pampu yenyewe kuna valvu inayojifunga na kujifungua, tak, tak, tak, usiku na mchana. Miaka minne ilipiga hivyo. Wageni wakilala kwangu waliamka wakilalamika. Mimi ilinilaza.

Josphat alikuwa mwalimu wa fizikia. Tulimzika mwezi wa tano. Saratani ilimshika kwenye umio, na wiki zake za mwisho, yeye aliyeniletea maji mpaka mlangoni, kijiko kimoja cha maji kilikuwa hakipiti. Alikuwa na miaka arobaini na moja, hakuwa ameoa. Baada ya mazishi watu waliogopa kuniita Mama Josphat. Wakaanza kuniita nyanya, hata watu wazima wenye mvi. Mzee Maundu pekee ndiye aliyeendelea na jina langu kama kawaida, na nilimshukuru moyoni.

Janet, binti yangu anayekaa Voi na mjukuu wangu Abby, alikuwa akinipigia simu kila Jumapili.

"Mama, shuka uje tukae. Abby anakuuliza kila siku."

"Nitakuja."

"Ulisema hivyo mwezi wa saba."

"Nikija, nitamwachia nani Josphat?"

Alidhani nasema kaburi. Mimi nilikuwa nasema pampu. Mtu nilikuwa nimemzika, lakini kazi aliyoianza kwa mikono yake ilikuwa bado inafanyika, kila sekunde, bila kupumzika, na mimi nikiwa kitandani naisikia. Ilimradi inapiga, nilikuwa na kitu cha kusikiliza. Sikutaka kingine.

Basi Alhamisi hiyo nilichukua fimbo nikashuka. Njia ya korongoni ni fupi ukiitazama, lakini goti langu la kushoto linaihesabu kona kwa kona. Nikamkuta Mzee Maundu amechuchumaa kando ya pampu, ananawa udongo mikononi. Yeye ndiye mwangalizi wa mfereji wetu. Anajua nani ana maji saa ngapi, na akimkuta mtu amefungua maji yasiyo ya zamu yake hamgombezi; anasimama tu hapo na jembe begani mpaka mtu aone haya.

"Mama Josphat," akasema, uso umejaa furaha, "nimekutengenezea."

"Umetengeneza nini?"

"Hii kitu yako ilikuwa inavuja. Hapa juu, ona. Maji yanamwagika ovyo korongoni, wewe unapata ya kubaki tu. Nikasema, mwenyewe hayupo tena wa kuiangalia, wacha nimsaidie mama. Nimekata tyubu ya baiskeli, nimefunga na waya. Haitoki hata tone. Sasa yote yatakuja kwako."

Nikaitazama ile valvu, imefungwa kama kidole chenye jeraha. Nikakaa chini juu ya jiwe. Nilitaka kukasirika lakini hasira haikuja. Mtu amekata tyubu nzima kwa ajili yangu.

"Mzee, umeua pampu," nikamwambia.

"Nimeuaje na nimeziba mahali inavuja?"

"Haivuji. Inamwaga. Ndivyo inavyofanya kazi."

Akanitazama kwa huruma, kama mtu anavyomtazama mfiwa.

Mimi niliacha shule darasa la nne. Lakini Josphat alinieleza hii kitu siku ya kwanza, hapo hapo korongoni, na mimi nilimuuliza lile lile la Maundu. Nilimwambia, mwanangu, fundi amekuibia, inavuja. Akacheka. Akaniambia hivi: maji yakiwa juu yana kazi ndani yake ambayo bado hayajaifanya. Yakishuka, ile kazi inatoka, lazima iende mahali. Hapa maji mengi yanashuka kidogo, na kile yanachokitoa kinasukuma maji machache yapande sana. Yale yanayomwagika ndiyo yaliyobeba haya yanayopanda. Yamekwisha kutoa yao, sasa yanakwenda zake.

"Kwa hiyo yale ni wapagazi," nilimwambia siku ile.

"Sawasawa, mama. Wapagazi. Wanafunzi wangu wa kidato cha tatu hawajalisema vizuri hivyo."

Alipenda kunifundisha. Siku moja aliniambia kwamba kitabu kinasema ukisimama na mtungi mgongoni kutwa nzima bila kusogea, hujafanya kazi yoyote. Kazi ni pale unapopanda nao. Nikamwambia kitabu hicho kiliandikwa na mwanamume. Alicheka mpaka akashika mti.

Haya yote nilimweleza Maundu, si kwa ustadi, nikirudi nyuma na kuanza upya. Alisikiliza, ameinamisha kichwa. Mwishowe akatoa kisu chake akakata waya, akaitoa tyubu. Maji yakatoka mara moja tu, shwaa, kisha tak moja na kimya. Valvu imejifunga.

"Bado imekufa," akasema.

"Lazima iamshwe. Josphat alikuwa anaibonyeza kwa kidole. Inajifunga, unaibonyeza. Inajifunga tena, unaibonyeza tena. Mpaka izoee."

"Mara ngapi?"

"Alisema arobaini, hamsini. Mpaka maji ya kule juu yapate nguvu ya kuirudisha yenyewe."

Tukaanza. Mimi nilibonyeza ishirini, kidole kikafa ganzi. Akashika yeye. Alikuwa anahesabu kwa sauti kama mtoto wa nasari, na akifika thelathini inasimama, tunaanza moja. Wazee wawili kwenye matope, mmoja anabonyeza, mwingine ananyoosha mgongo. Akasema, "Watu wakipita wataona tumerukwa na akili." Nikamwambia wakipita waambie tunamkamua ng'ombe wa chuma.

Mara ya tatu au ya nne alipoondoa kidole, haikusimama. Tak. Tukangoja. Tak. Tak.

Sikuweza kujizuia. Nililia kwa sauti, jambo ambalo hata kaburini sikulifanya. Maundu aliondoka kidogo, akajifanya anaangalia paipu. Nikaweka kiganja juu ya chuma. Josphat alikuwa amenieleza kwamba hata mlio ule ni kazi iliyotoroka, kwamba chuma kikigongana kuna joto kidogo linazaliwa mle ndani, hakuna kinachopotea ila kinageuka. Tangu azikwe nilikuwa nimeshuka mara nyingi kutafuta hilo joto. Nilikuwa nalikosa. Chuma kilikuwa baridi, maji yanakipoza kila wakati. Nililikosa na siku hiyo.

Nilipopangusa uso nikaona Maundu haangalii paipu tena. Anaangalia maji yanayomwagika. Yalikuwa yanateremka kwenye mawe ya korongo, yanaingia kule chini mtoni.

"Mama Josphat," akasema polepole. "Hawa wapagazi ni wangapi kwa kila mmoja anayepanda?"

"Mwalimu alinitajia, lakini nimesahau."

Hiyo haikuwa kweli. Sijui kwa nini nilidanganya. Labda niliona hesabu hiyo inakokwenda kabla yeye hajaona.

"Tupime," akasema. Yeye ni mtu wa kupima, ndiyo kazi yake.

Nikapanda mpaka nyumbani, nikaweka mtungi wa lita ishirini chini ya paipu nyembamba inapoingilia tangini. Yeye akabaki chini na mtungi wake. Akanipigia simu.

"Umeweka?"

"Nimeweka."

Baada ya muda akapiga tena. "Wangu umejaa. Wako?"

"Unalowesha chini tu."

"Sawa. Namwaga, naweka tena."

Nilikaa pale na simu mapajani. Ilikuwa inalia, naipokea. Wa tatu. Wa nne. Alipofika wa sita aliuliza wangu umefika wapi, nikamwambia nusu. Nikasikia pampu kwenye simu na nikaisikia tena kwa sikio jingine kutoka korongoni, moja inachelewa nyingine kidogo. Hatimaye maji yakafika shingo ya mtungi yakamwagika miguuni mwangu.

"Wangu umejaa," nikasema.

"Wangu ni wa kumi na mbili," akasema, akakata simu.

Alipanda. Nilikuwa nimeweka chai. Hakukaa kwenye kiti, alisimama mlangoni na kikombe.

"Ni mingi kuliko ilivyotakiwa," nikamwambia, maana sasa hakukuwa na faida ya kuficha. "Kutoka mferejini hadi pampu ni mita tatu. Kutoka pampu hadi hapa, ishirini na nne, ni mara nane. Kwa hesabu minane ikishuka, mmoja ungepanda. Hiyo minne mingine inaliwa na mlio, na maji kusugua paipu. Alisema hakuna mashine duniani isiyokula kidogo."

"Mwalimu alikuwa mkweli."

"Alikuwa."

"Mama Josphat, ungeniacha na ujinga wangu."

Nilijua anachosema, na msomaji ambaye si wa milimani afahamu hivi: mfereji wetu una wenyewe kumi na wawili, na kila mmoja ana nusu siku yake kwa wiki, Jumatatu mpaka Jumamosi. Ukiwa na zamu unageuza maji shambani kwako. Isipokuwa zamu yako, hugusi. Lakini maji ya kunywa hayana zamu, hiyo ndiyo sheria tuliyoikuta, mtu hanyimwi maji ya kunywa. Kwa sheria hiyo Josphat aliruhusiwa kuweka paipu yake. Wote walijua mama mzee anapata mitungi kama kumi kutwa kucha, ya kunywa, kuoga na ya ng'ombe. Nani angekataa? Hakuna aliyejua kwamba ili mitungi kumi ipande, mia na ishirini inashukia korongoni, na kutoka korongoni hairudi mferejini tena. Ilikuwa inaondoka kila siku katika zamu ya mtu mwingine.

Na mwaka huu vuli ilikuwa haijanyesha. Wakio, ambaye shamba lake liko mkiani mwa mfereji, maharagwe yake yalikuwa yamekunja majani. Maji yakifika kwake yalikuwa upana wa mkono.

"Mimi sitasema," Maundu akasema. "Nimeona peke yangu. Nikinyamaza, nani atajua?"

"Wewe utajua. Ukisimama na jembe begani mbele ya mtu, utakuwa unasimama namna gani?"

Akaweka kikombe dirishani, akaenda.

Siku mbili sikula vizuri. Pampu ilikuwa inapiga kama zamani na mimi nilikuwa naisikia kwa namna nyingine. Kila mlio nahesabu. Nilijiambia, mimi ni mzee, nitaishi miaka mingapi? Nilijiambia, si Josphat aliwafundisha watoto wao likizo hapa kwenye veranda, bila kuomba kitu? Nilijiambia pia, yeye alijua. Mtu aliyepiga hesabu ya mita na mitungi hakukosa kujua maji yanatoka kwa nani. Hilo ndilo lililoniuma zaidi. Kwamba alijua, akaniona napanda na mtungi mgongoni, kamba imenikata paji la uso, akachagua mimi. Labda alikusudia kulisema siku moja. Hakupata siku.

Na Wakio ndiye aliyekaa kwangu siku zote za matanga, akaosha sufuria mpaka mikono ikachubuka.

Jumamosi ni siku yetu ya kusafisha mfereji. Tunaanzia pale maji yanapotolewa mtoni, kila mtu na kipande chake, tukimaliza tunakaa kwenye nyasi tunazungumza. Mimi sifukui tena, ninapeleka uji. Walipokuwa wanakunywa nikasimama nikasema nina neno. Maundu akanitazama, akatikisa kichwa kidogo, usiseme. Nikasema.

Niliwaeleza yote, wapagazi na mita na mitungi kumi na miwili. Hawakuniamini mpaka Maundu alipoungama kwamba alipima mwenyewe.

Geoffrey, ambaye hutania hata makanisani, akasema, "Kwa hiyo nyanya, unapooga wewe, shamba langu ndilo linalokusugua mgongo."

Wakacheka, na mimi nikacheka, ilisaidia.

"Muacheni mama na maji yake," Wakio akasema. Hakuwa amecheka. "Tumemzika mtoto wake juzi. Mnataka nini?"

"Hatujataka chochote, dada. Yeye ndiye amesema."

"Basi tumesikia. Tuendelee na mengine."

Ningeweza kukaa chini hapo. Walikuwa wameshanipa, kwa huruma, na kwa huruma ningeendelea kuwa na mlio wangu. Lakini nilimtazama Wakio, nikaona midomo yake ilivyopasuka kwa jua, na nikajua nikikubali, kila tak itakayopiga itakuwa imetoka kinywani mwake. Sitalala tena kwa mlio huo.

"Pampu itapiga zamu yangu," nikasema. "Jumanne asubuhi mpaka saa sita. Saa nyingine nitaifunga."

"Asubuhi moja itakupa mitungi miwili na kidogo," Maundu akasema. "Kwa wiki nzima?"

"Mingine nitapanda nayo. Nitabeba lita tano tano."

"Na nani atakuwa anaifunga?" Geoffrey akauliza. "Tukusaidie?"

"Nitaifunga mwenyewe."

Jioni ile ile nilishuka nikaifunga. Njia ni kuishika valvu tu, kuizuia isifunguke, na kuzungusha koki ya paipu nene. Sikuangalia. Usiku huo sitausimulia.

Jumanne iliyofuata nilikuwa korongoni saa kumi na mbili asubuhi, ukungu haujaondoka. Nilibonyeza peke yangu. Nilishindwa mara mbili, kidole kilikuwa kigumu kwa baridi, nikafika arobaini na sita ndipo ikashika. Sikupanda nyumbani. Maji ya kule tangini ningeyakuta. Nilikaa juu ya jiwe na kuisikiliza, sikushona, sikusali, nilikaa tu. Nilimwambia Josphat mambo mawili matatu ya nyumbani. Nilimwambia ng'ombe nimemhamishia kwa Maundu, ananiletea maziwa. Nilimwambia kwamba najua alijua, na kwamba sijamkasirikia. Nikamuuliza kama yeye amenikasirikia. Pampu ikaendelea kupiga.

Zamu inayofuata yangu ni ya Wakio. Kabla ya saa sita nilimwona juu yangu, kwenye ukingo wa mfereji, amekuja na jembe. Hakushuka. Alikaa kwenye nyasi akanipa mgongo, akitazama upande wa pili wa bonde. Simu yangu ilipoonyesha saa sita kamili, nilisimama, nikashindwa kunyoosha mkono.

"Bado mapema, mama," Wakio akasema, hajageuka. "Saa yangu inachelewa."

"Ni saa sita, Wakio."

"Mimi sina haraka."

Nilisimama kidogo. Mara sita, mara saba ilipiga, nazikumbuka, hizo zilikuwa za kwake na alinipa. Kisha nikainama nikaishika valvu. Ina nguvu usiyoitarajia. Inakusukuma kiganja kama kitu kinachotaka kutoka. Niliishikilia mpaka ikaacha kusukuma, nikafunga koki, na maji ya mferejini yakapita juu ya mdomo wa paipu bila kuingia, yakaelekea kwake.

Wakio akanyanyuka akayafuata na jembe. Nami nikajaza kidumu changu cha lita tano, nikaanza kupanda, nikipumzika kila kona.